Madebe Kumi na Matatu ya Jumatano

Kitendawili. Usiniangalie tu, sema tega.

Mikono imezidi, mtungi umekauka.

Unasema ni arusi? Si mbaya, lakini siyo. Mazishi? Jaribu tena. Nzige? Nzige ana mikono wapi. Basi umeshindwa, nipe mji. Thika siupokei, maana huo tayari ni wa hadithi hii. Ruiru nao una wenyewe, utawaona mbele. Nipe Nairobi nikae ndani yake, nile, ninywe, nijinyooshe, kisha nikufungulie jibu polepole, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na lina watu ndani.

Mwaka wa hamsini na nane, katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la mkonge nje ya Thika, aliishi mwanamke aliyeitwa Mbithe. Watu walimwita Mama Nduku, kwa jina la binti yake. Alikuwa na mdomo wa kumwuzia chura mwavuli, na chura akarudi kesho yake kumnunulia mkewe. Ndiyo maana alipoingia katika Chama cha Debe, chama kilinenepa.

Chama chenyewe kilikuwa na jina refu, Umoja wa Kuwasaidia Wasiojiweza, lakini nani ana pumzi ya kutamka hayo yote akiwa na mzigo mgongoni? Kazi yake ilikuwa moja. Kila juma mwanachama apeleke debe la maji kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kufika mtoni. Mwanachama alipewa kadi yenye visanduku thelathini, na debe likifika, mwenye nyumba alitia alama ya mkaa katika kisanduku kimoja. Visanduku vikijaa, unapewa kitambaa cheupe cha kichwa chenye mstari wa buluu.

Wanawake wa laini hawakuhitaji kufundishwa mambo ya visanduku. Waume zao walifanya kazi kwa tikiti ya siku thelathini. Ukifanya kazi leo, nyapara anakutilia alama. Usipofanya, hakuna alama. Tikiti ikijaa, umelipwa, unapumzika. Basi nayo kadi ya chama wakaiita tikiti, na watu wakiliita jambo jina wanalolijua, hulifanya kwa namna wanayoijua.

Mbithe alikuwa ameandika watu sitini na wanne. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa imelala kitandani ikiwa na mguu uliofungwa vijiti.

*

Huyo kitandani alikuwa mumewe, Munyao. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye troli ya majani ya mkonge, mguu ukavunjika chini ya goti. Na nyumba ya laini, hata mtoto alijua, ni ya mwenye tikiti. Mtu asiyefanya kazi hana tikiti, na asiye na tikiti hana mlango. Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi.

Siku moja mchana, wakiwa wanakula muthokoi wa mahindi na maharage, nyapara Simeon aliingia na kamba mkononi.

"Endeleeni kula, endeleeni," alisema. "Mimi napima tu."

"Unapima nini?" Munyao akauliza.

"Kitanda."

"Kitanda changu unakijua. Ulinisaidia kukiingiza."

"Si chako, Baba Nduku. Cha msukuma troli mpya. Ana kitanda cha chuma, futi sita na zaidi. Anataka kujua kama kitaingia au akiuze." Akainama na kamba yake. "Mama Nduku, tafadhali, inua mguu kidogo kamba ipite."

Mbithe akainua mguu. Kisha akainua sufuria, maana nayo ilikuwa njiani.

"Kitaingia," Simeon akasema, akionekana kufurahi kwa niaba ya kitanda. "Ila itabidi kiangalie dirisha."

"Mwambie dirisha hilo huvujisha mvua upande wa kichwa," Munyao alisema. "Alale miguu huku."

"Asante, nitamwambia."

Alitoka, akarudi kuchukua kofia aliyoisahau, akaomba radhi kwa adabu sana. Laiti angekuwa mtu mbaya, wangepata wa kumtukana baada ya mlango kufungwa. Simeon alikuwa mtu mwema, kwa hiyo walimaliza chakula kimya.

Tumaini lao lilikuwa Ruiru. Chama kilikuwa na ukumbi kule, karibu na stesheni ya reli, na nyuma ya ukumbi vyumba viwili vya mabati vyenye jiko lake. Vyumba hivyo vingepewa mwangalizi mpya wa chama, wa Thika na Ruiru pamoja. Ilisemekana atachaguliwa aliyeingiza watu wengi. Katika pande zile zote wawili tu ndio walisikika: Mbithe wa mkonge, mwenye watu sitini na wanne, na Nyawira wa Ruiru, mke wa mpishi katika shamba la kahawa, mwenye sitini.

"Wanne," Munyao alipenda kusema, akijigeuza kitandani. "Tunalala ndani ya watu wanne."

*

Mkubwa wa chama, Mwalimu Magdalene, alikuja kukagua siku ya Jumatano. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyefundisha hesabu darasa la tatu kwa miaka ishirini, na mpaka sasa akisikia mtu anahesabu vibaya sokoni alisimama. Mbithe alimpeleka moja kwa moja kwa bibi kizee aliyeitwa Cucu Wakonyo, kwa sababu hapo ndipo chama kilipoonekana vizuri zaidi.

Cucu Wakonyo aliishi ukingoni mwa kijiji kilichopakana na shamba, nyumba ya mwisho kabla ya handaki la Hali ya Hatari lililokizunguka. Macho yalikuwa yamemwisha. Wanawe wawili walichukuliwa na Serikali miaka minne kabla ya hapo, na barua ilikuwa imekuja moja. Hakuwa na wa kumtekea maji.

Siku hiyo walikuwepo watekaji kumi na watatu. Walisimama mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, madebe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kadi mkononi. Mbele ya mstari alikuwa Mukonyo, mwanamke mrefu wa kucheka ovyo.

"Cucu, mtungi umejaa," alisema akichungulia.

"Mimina kwenye sufuria."

"Sufuria imejaa."

"Karai?"

"Karai Njambi amelijaza, na ndoo pia. Na nimeona ametia hata kwenye kibuyu cha uji."

"Basi mwagia migomba, mama, uende nyumbani."

"Nitamwaga, lakini alama nitiliwe kwanza. Nikishamwaga utasema sikuleta."

Cucu akapapasa, akapata kipande cha mkaa, akatia alama. Mukonyo akamwagia migomba. Wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo, na wa nyuma yake, mpaka migomba ikasimama kwenye dimbwi na kuku wakahamia juu ya kuni. Mwalimu Magdalene alitazama yote hayo, akainua tu kiatu kimoja, halafu cha pili, kadiri maji yalivyomfuata.

Mwisho akachuchumaa karibu na mzee. "Cucu, una maji ya kutosha?"

"Leo?" Cucu Wakonyo alisema. "Leo mlete padri, abatize kijiji kizima na mbuzi wao. Niulize Jumamosi."

Mbithe alicheka kwa sauti, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mwalimu hakucheka. Walipofika njiani alisimama na kumkabili.

"Mama Nduku, sitakuuliza umeandika wangapi. Daftari ninalo, na kusoma najua. Nataka unijibu jambo lingine. Unao wazee watano. Kwa sababu yako, wazee hao wanapata madebe mangapi kwa juma ambayo wasingeyapata kama hukuzaliwa?"

"Kama sikuzaliwa?"

"Au kama ungezaliwa ukaolewa Mombasa. Usinijibu sasa, utabahatisha. Nyawira nimemwuliza vivyo hivyo. Jumatano ijayo, ukumbini Ruiru, mtanijibu mbele ya watu. Na mwenye vyumba atajulikana siku hiyohiyo."

*

"Swali gani hilo?" Munyao alisema. "Kama hukuzaliwa, mimi ningemwoa nani?"

"Baba Nduku, sina mchezo."

"Mimi ninao, nimelala siku nzima." Alijivuta akaegemea ukuta. "Lakini huyo mwalimu si mjinga. Kiwandani hatuhesabu majani. Unaleta ratili mia za majani ya mkonge, troli inalia, watu wanatoka jasho, ukiona unasema leo tumepata mali. Yanapita kwenye mashine. Unajua nyuzi zinazotoka ni ratili ngapi?"

"Hamsini?"

"Nne. Zilizobaki ni maji na uchafu wa kijani unaonuka. Watu wako sitini na wanne ni majani. Yeye anauliza nyuzi."

"Na nyuzi nitazipimaje? Niwapitishe watu kwenye mashine?"

"Njambi apite wa kwanza. Ana deni langu la tumbako."

Mbithe alijifunga leso na kutoka akiwa amekasirika, lakini maneno ya mumewe alitoka nayo.

*

Alianza na Mukonyo, ambaye alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni.

"Mama Kiilu, nikuulize. Kabla sijakuandika, ulikuwa unampelekea Cucu maji?"

"Si nilikuwa. Nikitoka mtoni ni njiani kwangu. Nilikuwa namtilia nusu ya debe, kila siku mbili. Wewe hukuwa unaniona?"

"Na sasa?"

"Sasa ni Jumatano."

"Na ukipita Ijumaa, na debe limejaa, na mlango wake uko hapo?"

Mukonyo akamtazama kama anatazama mtu aliyepigwa na jua. "Ijumaa nipeleke maji, halafu? Nani anahesabu Ijumaa? Bwana yangu akienda kazini Jumapili nyapara anamtilia alama?"

Mbithe akamshukuru, akaenda kwa Njambi. Njambi alimpokea akiwa na kitambaa cheupe kichwani, mstari wa buluu umekaa sawasawa juu ya macho.

"Umepata kitambaa tayari?" Mbithe akauliza. "Kadi ni majuma thelathini."

"Nilikuwa napeleka matatu kila Jumatano. Nne, siku nikiwa na nguvu. Cucu ametia alama zote, muulize. Nimemaliza tikiti yangu, mama. Wiki ijayo sitaonekana."

"Lakini zamani ulikuwa unaenda bila tikiti, Njambi. Ulikuwa unamsuka na nywele."

Njambi akagusa kitambaa chake. "Zamani haikuwa kazi," alisema. "Ilikuwa kumtembelea tu. Sasa jambo ukishalifanya kazi, mtu anataka ajue inaisha lini."

Ndivyo alivyozunguka siku mbili, nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa amejiandikisha kwa sababu dada yake amejiandikisha. Mwingine alidhani kadi itamsaidia kupata pasi ya Serikali ya kwenda Ruiru. Watatu walidhani ni ya kanisa, na mmoja, aibu ilimshika Mbithe kumsikia, alisema, "Mimi nilikubali ili uniache nilale." Lakini karibu wote, ukiwauliza vizuri, walikuwa wakipeleka maji tangu zamani. Mbithe alikuwa amewaandikisha watu katika tabia yao wenyewe.

Jumamosi asubuhi alibeba debe moja, akaenda kwa Cucu Wakonyo. Mtungi ulikuwa umeegemezwa ukutani mdomo chini. Cucu alikuwa amekaa nje, akitafuna kipande cha muwa, si kwa utamu.

"Ni nani? Hizo si nyayo za Jumatano," alisema.

"Ni mimi, Mama Nduku. Nimeleta maji."

"Leo? Tikiti yako imeharibika?"

Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumua, na cha pili, kisha akapangusa mdomo na kurudia ucheshi wake. Mbithe akaketi chini, akamwuliza mambo yalivyokuwa kabla ya chama.

"Nilikuwa na debe moja kila siku," Cucu alisema. "Halikuwa la mtu mmoja. Leo nusu ya huyu, kesho robo ya yule. Asubuhi nikisikia kikohozi, najua ni mama wa mapacha. Nikisikia kicheko, Mukonyo. Anamimina, anasema uchafu kidogo wa kijiji, nani ameachwa, nani amenunua kitanda, anaenda. Saba kwa juma, na habari juu yake. Sasa naletewa kumi na matatu siku moja, na vyombo vyangu vyote pamoja vinashika manne. Migomba imenenepa. Ikizaa nitakutumia mkungu."

Saba, Mbithe akahesabu kwa vidole. Sasa manne. Vidole vitatu vikabaki vimesimama peke yao.

"Mama, nami nikuulize kimoja," Cucu akasema. "Hii Jumatano ilitoka wapi? Nani aliyeileta?"

Mbithe akainuka na kuanza kukaza kamba ya debe, ambayo haikuwa imelegea.

Siku hiyo na Jumapili baada ya kanisa alipita kwa wale wazee wengine. Kwa mmoja yalikuwa yamepungua mawili, kwa mwingine manne, kwa mwingine matatu. Wa tano alikuwa Mulei, mzee wa Kikamba aliyebaki peke yake ng'ambo ya mto Ndarugu, upande wa Juja, mahali ambapo hapakuwa njiani kwa mtu yeyote. Mbithe alifika huko akiwa amekata tamaa.

"Kabla ya chama ulikuwa unapata mangapi, mzee?"

"Ya mvua," Mulei alijibu.

"Na sasa?"

"Sasa wanakuja Jumatano, najaza manne. Mpaka Jumapili najisikia chifu. Nimenyoa ndevu."

Mbithe alisimama akaziangalia zile ndevu zilizonyolewa kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Wote aliokuwa akijivunia walikuwa wamemuudhi wiki ile, na huyu mmoja tu, aliyekuwa mbali na asiyeonekana na mkaguzi, ndiye aliyekuwa na kitu.

*

"Sema sitini na wanne," Munyao alisema Jumanne, wakati Mbithe anapasi gauni lake kwa pasi ya makaa. "Si uongo. Wamo kwenye daftari. Kama mwalimu hataki majina, kwa nini alinunua daftari?"

"Hajauliza majina."

"Ameuliza kama hukuzaliwa. Mtu akikuuliza swali la wazimu unamjibu lile la akili. Mama Nduku, nisikilize. Nilikuwa nacheka, sasa sicheki. Zimebaki siku tisa. Kaka yangu kule Machakos ana chumba kimoja na watoto sita. Tutamwambia nini? Tumekuja kwa sababu mke wangu anajua kuhesabu?"

"Na hao wanawake? Wamekodi basi, Baba Nduku. Njambi ameazima viatu. Wanakuja Ruiru kushangilia. Nisimame niseme walikuwa wazuri mpaka nilipowafikia?"

"Si ndiyo ninavyosema. Sitini na wanne. Kila mtu anarudi nyumbani na furaha."

"Na Cucu?"

Munyao akaitazama pasi. Akamwonya isiunguze gauni, na kweli ilikuwa imeanza kunuka.

*

Ukumbi wa Ruiru ulijaa mpaka madirishani. Wanawake wa mkonge walikaa upande mmoja, vitambaa vyeupe vichwani kwa wale waliovipata, na wale wasiovipata wakiwa wamefunga chochote cheupe kilichopatikana, hata mfuko wa unga uliofuliwa. Munyao alikaa mbele na magongo yake, kwa sababu mguu wake haukukunjika. Juu ya meza Mwalimu Magdalene aliweka daftari, na juu ya daftari ufunguo.

Nyawira aliitwa kwanza. Alikuwa mwanamke mzuri, mnene, mwenye sauti ya kuimba.

"Watu wangu ni sitini, Mwalimu. Na kama nisingekuja, sitini hao wangekuwa wamekaa majumbani mwao wakipiga domo. Kwa hiyo jibu ni sitini."

Makofi yakapigwa. Mwalimu akasubiri yaishe, akamgeukia mzee mmoja wa Ruiru aliyeketi karibu na mlango, Bedan kwa jina, ambaye chama kilimpelekea kuni badala ya maji.

"Mzee Bedan, kabla ya chama, kuni ulikuwa unaletewa na nani?"

"Na Nyawira," Bedan alisema.

"Nyawira huyu?"

"Kuna mwingine? Kila Jumatatu, mzigo mzima, na viazi ndani. Mtoto mzuri sana. Siku hizi simwoni, ana kazi ya kuandika watu."

Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakajibu. Nyawira naye alicheka, mikono kiunoni. Hakuwa mtu wa kukosa neno. "Basi nitoeni mimi, iwe hamsini na tisa. Na Mzee Bedan, Jumatatu nakuja, uache kunitangaza."

Mwalimu akaandika hamsini na tisa. Aliiandika kubwa, na watu wa mbele wakaiona. Munyao aliiona, akamtazama mkewe, na bila kutoa sauti midomo yake ikasema: sitini na wanne.

"Mama Nduku," Mwalimu akaita.

Mbithe akasimama. Huwezi kujua jinsi chumba kinavyokuwa kirefu mpaka utembee ndani yake ukiwa na jibu baya. Upande wa kulia Mukonyo alimkonyeza. Njambi alikuwa ameshika mikono yake tayari kupiga makofi. Mbele yake kulikuwa na ufunguo, wa chuma, mdogo kuliko alivyoufikiria.

Sitakuficha, maana najua unahangaika. Ufunguo ule ulikaa ndani ya leso ya Mbithe miaka kumi na tisa, na Nduku aliolewa akitokea katika vile vyumba viwili vya mabati, na Munyao alizeeka pale akichechemea na kulalamika kuhusu treni. Lakini siku ile Mbithe hakuyajua hayo. Alichokijua ni siku nane zilizobaki, na kitanda cha chuma cha futi sita kinachoangalia dirisha.

"Nakuuliza lilelile," Mwalimu alisema. "Wazee wako watano. Kwa sababu yako wamepata madebe mangapi kwa juma ambayo wasingeyapata?"

"Kwa Mzee Mulei, ng'ambo ya Ndarugu, yameongezeka manne," Mbithe alisema. "Hapo hapakuwa na mtu, na sasa wapo."

"Na kwa wengine wanne?"

"Kwa wengine wanne yamepungua kumi na mawili."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Magdalene aliweka kalamu chini. "Toa," alisema, kwa sauti ya darasa la tatu.

"Wamepoteza manane, Mwalimu. Kama ningeolewa Mombasa, wangekuwa na manane zaidi."

Munyao aliinamisha kichwa juu ya magongo. Nyuma, benchi zikaanza kulia, na Njambi akasimama, kitambaa chake cheupe kimeenda upande, uso umemwiva.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja, Mama Nduku. Sisi ndio tumepunguza? Mimi nimebeba madebe thelathini kwa mgongo huu, mpaka kamba imenichora kwenye paji la uso, ndio useme mbele ya watu wa Ruiru kwamba namnyima Cucu maji? Cucu nilikuwa namwendea kabla wewe hujahamia zile laini. Tuliambiwa Jumatano, tukaenda Jumatano. Hiyo Jumatano ilitoka wapi? Hata Cucu anauliza. Nani aliyeileta?"

Wanawake wote wa mkonge walikuwa wanamtazama Mbithe, na wengine walikuwa wameanza kufungua vitambaa vyao. Safari hii hakuwa na kamba ya kukaza.

"Ni mimi, Njambi," alisema. "Mlikuwa mnapita kila siku, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa siwezi kuwahesabu."